Sifuri ya Mji Wetu

Kila siku tunasema "nakwenda Darajani" na wala daraja hatulioni. Lilikuwapo. Katika karne ya 19 Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mashariki yake palikuwa na mkono wa bahari, ukijaa na kupwa, na aliyevuka alikuwa kenda ng'ambo. Ndiyo hiyo Ng'ambo yetu. Kilichoushika mji na nchi kavu ni kishingo cha mchanga pale Mnazi Mmoja. Basi ule mkono ukajazwa kidogo kidogo, taka na vifusi, mpaka Waingereza wakaumalizia katika karne ya 20. Kando yake ikapita Creek Road, leo Barabara ya Benjamin Mkapa.

Majina yamebaki: Darajani, Bwawani, Ziwani. Yanakwambia maji yalikaa wapi. Hayakwambii ni mita ngapi, na hapo ndipo nilipoanza kuichokoza habari hii. Mei 2017 masika yalitufurikia hata skuli zikafungwa. Ramani ya mafuriko ndiyo dawa inayotajwa. Vyema. Lakini ramani hiyo yataka kimo cha kila mtaa, na kimo huhesabiwa kutoka sifuri. Sifuri ipi?

Iko ya mabaharia: chati zao huanzia maji yakikupwa kabisa, kwa usalama wa chombo. Iko ya wapima ardhi, nayo ni wastani wa bahari. Hapa kwetu, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji kiasi cha mita 4, sifuri hizo mbili zimeachana karibu mita 2. Zichanganye, umeshauzamisha mtaa mzima kwenye karatasi, au umeuokoa kwa uongo. Tena iko ya satalaiti. Hiyo haijali bahari kabisa. Inapima kutoka umbo la dunia lililokokotolewa kwa hesabu. Simama na chombo chake Forodhani, miguu mikavu, nacho kitakwambia uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri! Bara nako vimo vilifungwa kwenye bahari ya Tanga, kwa vipimo vya miaka ya 1960. Baina yao na sisi kuna mkondo wa bahari, na darubini ya mpimaji haivuki masafa hayo.

Kwa hivyo Unguja yahitaji ya kwake. Bandarini pana kipimo cha kujaa na kupwa ambacho rekodi zake zinaanzia 1984. Ajabu yake, takwimu za miaka 20 ya mwanzo zilionyesha bahari ikishuka. Baadaye mwendo ukageuka. Wastani wa miaka gani basi? Mpimaji aliandike hilo pembeni mwa ramani, asilifiche.

Mwaka 2016 droni zilianza kuipiga picha Unguja na Pemba, kazi ya Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Picha nzuri mno, unahesabu hadi mabati. Lakini kimo chake kinategemea alama za ardhini. Na alama ni kitu gani? Kipini cha chuma kwenye zege, basi. Barabara inapanuliwa, mtaro unachimbwa, mtu anapiga saruji juu. Iliyowekwa kwenye kifusi cha ule mkono wa bahari yaweza kuwa imetitia na ardhi yake, na nambari yake kitabuni iko vile vile. Wala usidhani ukuta wa kale ndiyo salama: Beit el-Ajaib la 1883 liliporomoka upande mmoja Disemba 2020.

Mie ningeanzia bandarini, Darajani, Michenzani, hadi Mwanakwerekwe, kisha nikarudi kwa njia nyingine mpaka pale nilipoanzia. Hesabu isipofunga, natafuta alama iliyotitia. Na kule Mwanakwerekwe ningepiga hodi: "Shikamoo bibi, maji ya 2017 yalifika wapi ukutani?" Mstari atakaonionyesha nao ningeupima.