Nani Apite Kwanza: Historia ya Kipaumbele Mtandaoni

Simu za AUTOVON, mtandao wa jeshi la Marekani ulioanza miaka ya 1960, zilikuwa na safu ya ziada ya vitufe vinne kando ya tarakimu: FO, F, I na P. Aliyebonyeza FO, daraja la juu kabisa, aliweza kukata mazungumzo ya wenye daraja la chini ili apate laini. Utaratibu huo ulidumu kwa sababu haki ya kubonyeza ilitolewa kwa cheo na wajibu, na aliyeitumia vibaya alikuwa na mkubwa wa kumwajibisha. Septemba 1981, waraka wa RFC 791 uliohaririwa na Jon Postel uliingiza madaraja ya namna hiyo ndani ya kila pakiti ya IP, kwa biti tatu zinazotoa ngazi nane. Alama ilihamia mtandaoni, lakini mamlaka iliyoilinda ilibaki jeshini. Ndiyo maana naamini kwamba historia ya kipaumbele ni historia ya mamlaka kuliko ya ufundi.

Ushahidi ulijitokeza mapema. Katikati ya miaka ya 1980, laini za NSFNET, mtandao wa utafiti wa Marekani, zenye kilobiti 56 tu kwa sekunde zilielemewa, na ruta za mhandisi David Mills zikapangwa kuwatanguliza watu waliokuwa wakichapa amri moja kwa moja, mafaili yakasubiri. Watumiaji hawakutangaziwa, kwani wangejua, kila mmoja angeivika kazi yake sura ya kazi ya haraka. Kanuni mpya za Desemba 1998, RFC 2474 na 2475, zilikabili tatizo hilo kwa kukagua alama pale trafiki inapoingia. Leo fundi anayepanga swichi huamua kwanza aamini mlango upi: wa simu ya mezani huachiwa alama yake ya 46, yaani ya sauti, na alama ya wa kompyuta ya kawaida hurudishwa sifuri.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza kasi tu, na hoja yao ina uzito. Kwenye laini ya kilobiti 128, pakiti moja ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 94 kupita, ilhali sauti hutaka pakiti kila baada ya milisekunde 20 hivi. Kwenye gigabiti moja, pakiti ile ile hupita kwa milisekunde 0.012. Hata mradi wa Internet2 wa Marekani uliacha huduma yake ya daraja la juu, maana uti wa mgongo wa mtandao wake ulikuwa na nafasi tele. Lakini swichi ya ofisini si uti wa mgongo. Milango 24 ikimimina kwa pamoja kwenye mlango mmoja wa kutokea, foleni hujaa kwa milisekunde chache na pakiti hutupwa, hata kama wastani wa siku nzima unaonyesha laini iko karibu tupu. Anayezungumza kwenye simu husikia neno limekatika. Grafu ya wastani haimwonyeshi fundi kitu.

Wala sauti yenyewe haikupewa uhuru usio na mipaka. RFC 3246 ya 2002 inalazimisha kwamba foleni inayotangulia nyingine zote iwekewe kikomo, ili isiwanyime wengine njia.