Kambi Zilizofutwa, Mitaa Inayobomolewa

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Jenerali George Erskine yaliizingira Nairobi. Msako huo wa kuwakamata wafuasi wa Mau Mau, ulioitwa Operesheni Anvil, uliielemea zaidi Eastlands. Katika mitaa kama Bahati na Pumwani watu walitolewa nje nyumba baada ya nyumba, wakachuchumalishwa na kukaguliwa vipande vyao vya utambulisho, kisha wakapitishwa mbele ya gakunia, mpasha habari aliyevishwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, uliyesimama mbele yake umekwisha. Maelfu walipelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na wengi wakahamishiwa baadaye kwenye kambi za kazi za mikoani.

Ukizitafuta baadhi ya kambi hizo za kazi leo, utakuta shule. Aguthi, kule Nyeri, ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri. Mweru nayo ni shule ya upili. Hata maandishi hayakusalimika: wakoloni walipokuwa wakifungasha, waliteketeza mafaili mengi na mengine wakayasafirisha Uingereza, yakafichwa katika jengo la serikali la Hanslope Park hadi serikali yao ilipokiri mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau waliodai fidia ya mateso ikiwa mahakamani.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya African Digital Heritage, shirika la Nairobi lililoanzishwa na mwanahistoria Chao Tayiana Maina, kwa ushirikiano na Museum of British Colonialism. Walifika Aguthi na Mweru, wakanakili majengo yaliyosalia, wakasikiliza waliowahi kuzuiliwa, kisha wakazijenga upya kambi hizo kwenye kompyuta. Ukuta uliosimama hutoa kipimo. Picha kuukuu huonyesha umbo la paa. Mzee hukumbuka handaki lilipita wapi na lango lilielekea wapi. Shahidi mmoja hatoshi, sharti wengine waafikiane naye. Na mahali wasipoafikiana, modeli yenyewe ionyeshe wazi kwamba hapo ni makisio. Bila uaminifu huo tunapata picha ya kupendeza tu, inayodanganya.

Kwingine mawe yenyewe husimulia. Huko Petra, Yordani, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Brown walioanza kufukua Hekalu Kuu la Wanabataea mwaka 1993 walikuta vichwa vya nguzo vilivyochongwa sura za tembo; jiwe ndilo lililowasimulia. Hapa kwetu anayesimulia ni mtu, naye amefikisha miaka tisini.

Mitaa walikotoka wafungwa wa kambi hizo pia inahitaji kazi kama hii. Mitaa mikongwe ya Eastlands, Makongeni ikiwemo, imeingizwa katika mpango wa nyumba za bei nafuu, na sipingi mtu kupata nyumba bora. Lakini vipimwe kwanza vyumba ambamo wafanyakazi walibanana, mifereji waliyochotea maji pamoja, na ukumbi wa Kaloleni walikokutania wanasiasa wa kudai uhuru. Waulizwe waliokuwa watoto siku ile ya Anvil malori yalisimama wapi. Kazi ianzie Bahati, na wazee watangulie, kwani kuta zinaweza kupimwa hata wiki ya mwisho kabla ya tingatinga kufika.