Njama na inchama

Mwaka 2017 mchezo wa kompyuta Crusader Kings II, wa wafalme wa enzi za kati, uliongezewa vyama vya siri na uchawi. Kijana wa Musoma akiusimulia husema, "Wamekula njama." Kwa Kiswahili njama huliwa, kama kiapo: ukishameza, umefungwa.

Hapa Mara, Wakurya wana inchama, baraza la siri la wazee. Ndilo huamua msimu wa tohara, na laana yake huogopwa. Maneno haya yanafanana sikioni, lakini maana zake ni tofauti: njama ni hila, inchama ni mamlaka ya wazee.

Ndugu msomaji wa Musoma, Bunda na Butiama, tuyatenganishe. Si kila siri ni uovu.