Mchele upi umfaao mgonjwa wa figo?

MKAZI wa Tetu, Kaunti ya Nyeri, aliyelelewa kwa githeri, mukimo na viazi, hukabiliwa na mtihani mgumu daktari anapomwarifu kuwa figo zake zimedhoofika. Vyakula hivyo vina madini mengi ya potasiamu, ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyaondoa mwilini. Potasiamu ikizidi katika damu, mapigo ya moyo huvurugika na mgonjwa anaweza kufa ghafla.

Ndiposa wali huwa kimbilio. Gramu 100 za wali mweupe zina takriban miligramu 35 za potasiamu, ilhali viazi vilivyochemshwa vya uzani huo huo vina zaidi ya 300.

Lakini mchele wenyewe ni wa aina nyingi. Wengi wameshauriwa kuchagua ule wa kahawia, usiokobolewa, kwa sababu ya nyuzinyuzi zake. Ushauri huo ni mwema kwa mwenye figo nzima. Hata hivyo, ganda la ndani linalobakia kwenye punje hubeba fosforasi karibu maradufu ya ile ya mchele mweupe, pamoja na potasiamu zaidi. Fosforasi ikilimbikizana, ngozi huwasha, mifupa hudhoofika na mishipa ya damu hukakamaa.

Si haki, hata hivyo, kuugeuza mchele huo sumu. Fosforasi ya nafaka haifyonzwi yote mwilini; ile inayotiwa viwandani katika soda nyeusi na baadhi ya soseji hufyonzwa kwa wepesi zaidi. Mgonjwa wa hatua za mwanzo ambaye vipimo vyake vya damu ni vya kawaida anaweza kuula. Anayepaswa kuupunguza ni yule ambaye fosforasi au potasiamu yake imepanda.

Pishori ya Mwea, inayokuzwa katika kaunti jirani ya Kirinyaga kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi, ni ya jamii ya basmati. Ikishakobolewa, madini yake hayatofautiani sana na ya mchele mwingine mweupe, kwa hivyo asiyemudu bei yake hajapoteza kitu kwa upande huo. Faida yake ni kwamba kwa kawaida haipandishi sukari haraka kama aina nyingi za mchele mweupe, jambo lenye uzito kwa kuwa kisukari ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maradhi ya figo. Mwenye kisukari bado hana budi kupima kiasi anachopakua. Isitoshe, kuna wauzaji wanaochanganya pishori na mchele wa bei nafuu. Jina lililoandikwa kwenye gunia si ushahidi.

Mara nyingi hatari huwa kwenye kitoweo. Wali mweupe uliofunikwa kwa maharagwe, nyanya na parachichi huirejesha ile potasiamu iliyokuwa ikikwepwa. Kabichi ni afadhali. Viazi vikitamaniwa, vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, kisha maji hayo yamwagwe. Vidonge vya kukoleza mchuzi vina chumvi nyingi. Zaidi ya yote, baadhi ya chumvi mbadala wanazouziwa wenye shinikizo la damu hutengenezwa kwa potasiamu, na mgonjwa wa figo asizitumie kabla ya kumwuliza daktari.

Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi ya yule ambaye hajafikia hatua hiyo, hivyo wali wake uandamane na yai, samaki au nyama kwa kipimo atakachopewa na mtaalamu wa lishe.