Oksijeni Inayokula Plastiki Angani

Tangu Sputnik irushwe mwaka 1957 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa vyombo vya anga waliijengea plastiki kinga dhidi ya jua kali, ombwe na mabadiliko ya joto na baridi. Oksijeni hawakuipa uzito. Haikuwa siri kwamba katika anga za juu miale ya urujuanimno huvunja molekuli za oksijeni zikawa atomu mojamoja, wala kwamba hewa ya huko ni haba kiasi kwamba atomu hizo huchelewa kukutana na kuungana tena. Lililokosekana ni ushahidi wa madhara yake, na sababu ni rahisi: kwa kawaida satelaiti iliyorushwa haikurudi. Ugonjwa ulikuwepo, ila mgonjwa aliletwa mbele ya daktari kwa nadra. Ndiyo maana nashikilia kwamba elimu hii imetokana na vyombo vilivyorejea ardhini kuliko ilivyotokana na hesabu za mezani.

Chombo cha anga Columbia kiliporuka mara ya kwanza Aprili 1981, kwa mara ya kwanza chombo kikubwa kiliweza kwenda na kurudi tena na tena. Katika safari za mwanzo, vifuniko vya Kapton, plastiki ya rangi ya dhahabu inayokinga kamera dhidi ya joto, vilirudi vimefifia na kupungua uzito. Mwaka 1983, katika safari ya STS-8 ya chombo kingine cha aina hiyo, chombo kilishushwa makusudi hadi kimo cha kilomita 225 hivi, ambako oksijeni ni nyingi zaidi, ili sampuli zipigwe barabara. Matokeo yalionyesha kwamba kila atomu inayogonga Kapton huondoa, kwa wastani, sentimita za ujazo 3 × 10⁻²⁴. Ni kiasi kidogo mno, lakini chombo hukimbia karibu kilomita 8 kwa sekunde, na kila atomu hugonga kwa nishati ya elektroni-volti 4.5 hivi. Kaboni iliyomo ndani ya plastiki huungana na oksijeni na kuondoka ikiwa gesi.

Kuna watakaouliza: kwa nini lawama isiangukie jua? Jibu lilikuja na LDEF, chombo chenye ukubwa wa basi kilichoachwa angani Aprili 1984. Kilipangiwa kukaa mwaka mmoja hivi, lakini ratiba ilivurugika, na ajali ya chombo cha Challenger ya Januari 1986 ikasimamisha safari zote za vyombo vya aina hiyo. Kikarudishwa Januari 1990. Muda wote huo kilielekeza uso uleule mbele. Mbele, tabaka nyembamba za Kapton zilikuwa zimeliwa zote, zikabaki karatasi za alumini zilizokuwa nyuma yake. Upande wa nyuma, uliopata jua pia, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Kama jua lingekuwa mkosaji mkuu, tofauti hiyo isingeelezeka.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba maabara yangetosha, maana mashine za kuzalisha oksijeni ya atomu zipo. Zinasaidia, nakubali. Lakini Teflon, plastiki nyingine, inazitilia shaka: safari fupi zilionyesha kwamba hailiki kwa urahisi, ilhali LDEF ilirudi na Teflon iliyoliwa kwa kiwango kikubwa kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu miaka mingi ya mionzi ya jua iliidhoofisha na oksijeni ikamalizia. Hapo jua lina mkono wake, ila kama msaidizi. Ushirikiano wa namna hiyo hauonekani katika jaribio la siku chache.

Funzo hilo lilifuatwa. Mablanketi ya paneli za jua za Kituo cha Kimataifa cha Anga yalipakwa tabaka jembamba la oksidi ya silikoni, kitu ambacho oksijeni haikiunguzi, na tangu 2001 sampuli za mradi wa MISSE hufungwa nje ya kituo hicho kisha kurudishwa. Nchi yoyote inayopanga kurusha satelaiti ya mzunguko wa chini ianze kwa kusoma matokeo ya sampuli hizo, kabla ya kuchagua plastiki ya kuifunika.