FFmpeg na Mgawanyiko wa Mwaka 2011

Programu ya FFmpeg, ambayo kazi yake ni kubadili miundo ya faili za video na sauti, kuzikata, kuziunganisha na kuzibana, haina dirisha wala vitufe vya kubofya, bali huendeshwa kwa mstari wa amri, yaani mtumiaji huiandikia kompyuta maagizo kwa maneno na alama. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, aliyetumia wakati huo jina la bandia la Gérard Lantau, na ambaye baadaye alianzisha pia QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine.

Kundi la MPEG, lililoundwa mwaka 1988, lilikuwa limeshatoa viwango vya kimataifa vya kubana video, lakini kampuni kubwa za programu ziliendelea kutunga miundo yao wenyewe na kuificha siri yake. Waandaaji wa FFmpeg walilazimika kuichunguza na kuifumbua miundo hiyo mmoja baada ya mwingine, na matunda ya kazi hiyo yakakusanywa katika maktaba ya msimbo iitwayo libavcodec, ambayo VLC, MPlayer na programu nyingine nyingi za kuchezea video ziliichukua, hata watu wasiowahi kuandika amri yoyote wakawa wanaitumia bila kujua.

Faili ya video ina mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: chombo, kama vile MP4, AVI au MKV, kinachobeba picha na sauti kwa pamoja, na kodeki, yaani kanuni ya kuzibana na kuzifumua, kama H.264 iliyokamilishwa mwaka 2003. Amri «ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4» huyahamisha yaliyomo kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kuyagusa, hivyo humalizika upesi na ubora haupungui hata kidogo, ilhali «ffmpeg -i harusi.mkv -c:v libx264 -crf 23 harusi.mp4» huifumua kila fremu, yaani kila picha moja ya video, na kuibana upya, kazi inayoweza kuichosha kompyuta dhaifu kwa saa nzima. Namba 23 huchaguliwa katika kipimo cha 0 hadi 51, na kadiri inavyopanda ndivyo ubora na ukubwa wa faili unavyopungua. Ukataji nao una mtego wake, kwani fremu nyingi za video iliyobanwa hazihifadhi picha kamili bali tofauti tu kati yake na fremu za jirani, na anayekata bila kubana upya huweza kukuta kipande chake kimeanzia kwenye fremu kamili iliyotangulia, sekunde kadhaa kabla ya pale alipokusudia.

Baada ya Bellard, mradi uliongozwa na Michael Niedermayer kuanzia mwaka 2004. Machi 2011, kundi la waandaaji wasioridhika na uongozi wake lilijitenga na kuanzisha Libav, jambo lililo halali katika programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi na kila anayeondoka anaweza kuondoka na nakala nzima. Debian na Ubuntu, mifumo endeshi ya familia ya Linux, ilifuata upande wa Libav, na aliyeandika amri ya ffmpeg katika mifumo hiyo alikutana na onyo kwamba programu hiyo imepitwa na wakati, atumie avconv, programu ya Libav. Onyo hilo liliwapotosha wengi, maana mradi wa FFmpeg wenyewe ulikuwa hai na ukiendelea kutoa matoleo mapya.

Ugomvi huo ulihusu madaraka zaidi kuliko ufundi, na ulioamua mshindi ni uvumilivu wa kazi ya kila siku: Niedermayer aliendelea kuyaingiza mabadiliko ya Libav ndani ya FFmpeg, wakati Libav haikufanya vivyo hivyo kwa kiasi hicho, na baada ya miaka michache upande mmoja ukawa na kazi ya pande zote mbili. Ubuntu ilirudi kwa FFmpeg katika toleo lake la Aprili 2015, na Debian ikaamua hivyo mwezi Julai. Mwaka huohuo Niedermayer alijiuzulu uongozi, akitumaini kwamba kuondoka kwake kungerahisisha maelewano. Libav ilitoa toleo lake la mwisho mwaka 2018, na baadhi ya waliojitenga walirudi kuandika msimbo wa FFmpeg.