Nyongeza katika nyumba mpya: Za kulipia mapema na za kuacha

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanunuzi wengi wa nyumba mpya huukumbuka msemo huu wakati maji yamekwisha kumwagika: siku wanapokabidhiwa funguo na kugundua kuwa makabati waliyoonyeshwa hayamo, au yamo lakini yamewagharimu maradufu ya bei ya fundi wa mtaani.

Katika miji kama vile Ruiru, Syokimau, Kitengela na Mtwapa, nyumba nyingi huuzwa zingali michoro. Mnunuzi hutembezwa katika nyumba ya mfano iliyopambwa ikapambika, kisha akapewa orodha ya bei. Bei iliyo kwenye bango la barabarani huwa ya nyumba tupu kama mstawishaji alivyoipanga. Kaunta ya jikoni ya granaiti, makabati ya ukutani, mtambo wa sola wa kupasha maji, chumba cha mfanyakazi na nafasi ya pili ya kuegesha gari huwa katika orodha nyingine kabisa.

Hizo ndizo nyongeza, na hapo ndipo akiba ya miaka mingi huweza kuyeyuka. Zipo zinazostahili kulipiwa hata kabla ya msingi kuchimbwa. Zipo pia ambazo mnunuzi akizivumilia kwa mwaka mmoja atazipata kwa bei nafuu na kwa ubora anaoutaka mwenyewe.

Kujua kilichomo

Hatua ya kwanza ni kuomba orodha iliyoandikwa ya kila kitu kilichomo katika bei ya msingi. Orodha hiyo itaje aina na ukubwa wa vigae, mbao za milango, idadi ya soketi katika kila chumba, aina ya sinki na mabomba, rangi za kuta na kama dari imo au haimo.

Mnunuzi akishaipata, arudi katika nyumba ya mfano nayo mkononi na kupita chumba baada ya chumba. Kwa kila anachokiona aulize: kimo katika bei, kinalipiwa kando, au kimewekwa kwa maonyesho tu? Aghalabu mapazia, taa za kuning'inia, vioo vikubwa na samani huwa katika kundi la mwisho. Muuzaji mwaminifu hatakerwa na maswali hayo. Anayejibu kwa mkato kwamba "kila kitu kimo" aombwe kuyaandika maneno hayo.

Yaliyofichwa ukutani

Kanuni moja rahisi humsaidia mnunuzi kuchagua: alipie mapema kile ambacho kukiongeza baadaye kutahitaji ukuta kubomolewa, sakafu kung'olewa au paa kufunguliwa.

Mfano mzuri ni mtambo wa sola wa kupasha maji. Mtambo wenyewe unaweza kununuliwa wakati wowote. Lakini mabomba ya maji moto kutoka paani hadi bafuni na jikoni hupitishwa ukutani kabla ya plasta. Mnunuzi asiye na fedha za mtambo leo anaweza kuomba mabomba pekee yawekwe na kuzibwa, ili siku mtambo utakapopatikana kazi iwe ya saa chache.

Hali ni hiyo hiyo kwa mabomba ya kupitishia nyaya za intaneti na za kamera za ulinzi, waya mnene wa jiko la umeme, bomba na mtaro wa mashine ya kufulia, na sehemu ya kuunganishia betri na inveta umeme unapopotea. Soketi ya ziada inayowekwa wakati wa ujenzi hugharimu waya, kisanduku na muda mfupi wa fundi. Ikiwekwa baada ya nyumba kupakwa rangi, gharama huwa pia ya kuchimba ukuta, kuuziba na kuupaka upya.

Katika kundi hili mna pia uimara wa muundo. Mnunuzi anayekusudia kuongeza chumba juu siku za usoni, au kuweka tangi kubwa la maji paani, hana budi kumweleza mhandisi kabla ya msingi kumwagwa zege. Baadaye, ombi kama hilo huenda lisiwezekane kwa gharama yoyote.

Yanayoweza kungoja

Makabati ya nguo, makabati ya jikoni, milango ya ndani, rangi za pekee na bustani huweza kungoja. Haya ndiyo mambo ambayo mnunuzi ana uwezo wa kulinganisha bei. Achukue vipimo vya ukuta, apeleke kwa mafundi wawili au watatu wa mbao, kisha aweke makadirio yao kando ya bei ya mstawishaji. Ulinganisho uwe wa haki: mbao za aina moja, bawaba na reli za droo za ubora mmoja, na gharama za kusafirisha na kufunga zikiwemo.

Si kila mara fundi wa nje atakuwa na bei ya chini. Mstawishaji anayejenga nyumba 60 hununua vifaa kwa jumla, na mafundi wake wako papo hapo. Vigae ni mfano. Kuomba vigae bora tangu mwanzo, kwa kulipa tofauti ya bei tu, mara nyingi ni nafuu kuliko kulipia vya kawaida kisha kuving'oa. Tahadhari ni kwamba mnunuzi anayechagua vigae vingine anapaswa kukatiwa thamani ya vile alivyoviacha. Wengi hulipia aina zote mbili bila kujua.

Jokofu, jiko, televisheni na mapazia havina sababu ya kununuliwa kwa mstawishaji, isipokuwa vinapotolewa kama bakshishi.

Maji, jenereta na malipo ya kila mwezi

Nairobi imeishi na mgao wa maji tangu mwaka wa 2017, na kwa hivyo kisima ni chambo kikubwa katika matangazo ya nyumba. Hata hivyo, kisima peke yake si jibu. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo ya Athi River na Kitengela yanajulikana kwa kuwa na madini mengi ya floridi, ambayo hutia meno madoa na, yakizidi kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Pwani nako, visima vilivyo karibu na bahari huweza kutoa maji ya chumvi yanayokula mabomba na vifaa vya chuma.

Kwa hiyo mnunuzi anayetozwa ziada kwa ajili ya kisima aombe kuona kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na matokeo ya upimaji wa maji katika maabara. Endapo mtambo wa kuyasafisha unahitajika, aulize ni nani atakayeununua na nani atakayeutunza.

Jenereta, lifti, bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi pia vina bei mbili: ya kununulia na ya kutunzia. Bei ya pili hulipwa kila mwezi kwa muda wote ambao mtu atamiliki nyumba, awe anaogelea au haogelei. Makadirio ya ada hiyo yaombwe kwa maandishi kabla ya mkataba.

Nafasi ya kuegesha gari ihitaji macho mawili. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, mmiliki wa nyumba katika jengo la ghorofa hupata hati ya sehemu yake, na maeneo mengine huwa mali ya pamoja. Aliyelipia nafasi ya pili ya gari ahakikishe kuwa imetajwa kwa nambari katika mkataba na kuonyeshwa kwenye ramani ya mgawanyo wa jengo. Kupakiwa rangi nambari ya nyumba kwenye saruji si umiliki.

Hesabu ya mkopo

Wauzaji hupenda kusema kwamba nyongeza itaingizwa katika mkopo wa nyumba na mnunuzi hataihisi. Tuchukulie mnunuzi ameongeza vitu vya Sh500,000 katika mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Malipo yake yatapanda kwa takriban Sh6,200 kila mwezi. Kufikia mwisho wa mkopo, nyongeza hizo zitakuwa zimemgharimu karibu Sh1.5 milioni.

Kwa mabomba na nyaya zitakazodumu muda wote huo, huenda gharama ikavumilika. Kwa makabati yatakayochakaa kabla ya nusu ya mkopo kulipwa, ni hasara. Aidha, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya mali mjini na asilimia 2 mashambani, kwa hivyo Sh500,000 zikijumlishwa katika thamani ya nyumba ya mjini huleta Sh20,000 zaidi za ushuru.

Mnunuzi afahamu pia kwamba benki hukopesha kwa kutegemea ripoti ya mthamini wake. Mthamini asipoipa nyongeza thamani iliyodaiwa na muuzaji, pengo litazibwa kutoka mfukoni mwa mnunuzi.

Wakati wa kujadiliana

Nguvu ya mnunuzi huwa kubwa kabla hajatia sahihi, na hupungua sana mara tu amana inapolipwa. Orodha ya nyongeza basi ijadiliwe pamoja na bei ya nyumba, katika kikao kimoja. Muuzaji anayesema "tutaona baadaye" anaisogeza biashara mahali ambapo mnunuzi hana tena pa kwenda.

Nyakati mbili huwa na nafasi nzuri: mradi unapoanza na mstawishaji anahitaji wanunuzi wa kwanza, na unapomalizika zikiwa zimebaki nyumba chache zisizouzika.

Mstawishaji huona uzito kupunguza bei, kwa kuwa wanunuzi wengine wakisikia watadai vivyo hivyo. Kutoa kitu ni rahisi zaidi kwake, kwani kile anachokiuza kwa Sh400,000 humgharimu pungufu ya hapo. Mnunuzi aliyekataliwa punguzo la fedha anaweza kuomba makabati, mtambo wa sola au nafasi ya gari. Wanunuzi kadhaa wa mtaa mmoja wakiungana kuagiza kitu kimoja, sauti yao husikika zaidi.

Iwapo nyongeza ni nyingi, ada ya mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyesajiliwa ni fedha ndogo ikilinganishwa na makosa atakayoyagundua.

Kuandika kila kitu

Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mkataba wowote wa kuuza ardhi au nyumba uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na wahusika wote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Mikataba mingi ya wastawishaji huwa pia na kifungu kinachosema kwamba hakuna ahadi nyingine nje ya maandishi hayo. Kifungu hicho hufuta kila neno tamu lililotamkwa katika nyumba ya mfano.

Kwa sababu hiyo, nyongeza ziwekwe katika jedwali linaloambatishwa kwenye mkataba. Kila moja itajwe kwa aina, vipimo, rangi, idadi, bei na tarehe ya kukamilika. Maneno "au kinacholingana nacho" yakiwemo, mnunuzi adai kwamba hakuna kitakachobadilishwa bila idhini yake ya maandishi. Mkataba useme pia fedha zitarudishwaje endapo kitu hakitawekwa.

Malipo nayo yapangwe. Katika mauzo ya kawaida, amana ya asilimia 10 hushikiliwa na wakili wa muuzaji hadi mauzo yakamilike. Nyumba zinazouzwa zingali michoro ni tofauti, kwani fedha mara nyingi huingia moja kwa moja katika ujenzi, na mradi ukikwama huwa vigumu kuzirejesha. Ni busara kulipa sehemu ndogo wakati wa kuagiza na salio baada ya kitu kufungwa na kukaguliwa. Malipo kwa simu ya wakala wa mauzo, yasiyo na stakabadhi ya kampuni, yaepukwe hata akiwa mtu wa nyumbani.

Kabla ya kupokea funguo

Siku ya ukaguzi, mnunuzi afike mchana na fundi wake, akiwa na jedwali la nyongeza na chaja ya simu. Chaja itajaribu kila soketi. Mabomba yote yafunguliwe kwa pamoja ili kupima nguvu ya maji. Vigae vigongwe kwa sarafu, kwani vinavyolia kama debe tupu havikushika vizuri. Droo na milango ya makabati ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa.

Kasoro zote ziandikwe, zipigwe picha na kutiwa sahihi na pande zote mbili pamoja na tarehe ya marekebisho. Mnunuzi aulize pia cheti cha ukaaji kinachotolewa na kaunti, na athibitishe kwamba kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho kwa kawaida ni miezi sita, kinahusu nyongeza sawa na nyumba yenyewe.

Asiyeridhika asitie sahihi ya kupokea nyumba kwa ahadi kwamba fundi atakuja wiki ijayo. Salio la nyongeza likiwa bado mkononi mwake, fundi huyo ana kila sababu ya kuja.